Mlima haulipi ulichokopa: kugawa nguvu katika marathoni ya vilima

Swali ambalo wakimbiaji wa Bukavu huulizana zaidi marathoni inapokaribia ni hili: nikimbie kila kilomita kwa dakika ngapi? Kwa Berlin au Chicago, ambako barabara ni tambarare, ni swali zuri. Kule Chicago, Oktoba 2023, Kelvin Kiptum alikimbia nusu ya kwanza kwa dakika 60 na sekunde 48, ya pili kwa dakika 59 na sekunde 47, akaweka rekodi ya dunia ya saa 2:00:35. Mtu wa namna hiyo anaweza kupangiwa dakika zake kabla hajafunga kamba za viatu.

Bukavu ni habari nyingine. Maji ya Ziwa Kivu yako kwenye mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, rasi tano zimeingia ziwani, na nyuma yake mji umepanda vilima hadi Kadutu na zaidi. Hapa mtu anaweza kutoka nyumbani na asipate kilomita moja iliyonyooka. Ukiniuliza dakika ngapi, nitakuuliza: kilomita ipi? Kinachopaswa kubaki vilevile ni juhudi, yaani kazi ambayo moyo, mapafu na misuli vinafanya kwa kila dakika. Kasi iache ipande na kushuka pamoja na barabara.

Karibu kila kocha husema hivyo, na karibu kila mkimbiaji hukubali. Kisha siku ya mbio watu wanaushambulia mlima wa kwanza, kwa sababu hakuna aliyewaonyesha mlima unadai kiasi gani na unarudisha kiasi gani. Basi tufanye hesabu.

Bei ya kupanda

Mwaka 2002 mtafiti Alberto Minetti na wenzake walichapisha vipimo vya wakimbiaji wa milimani waliokimbizwa kwenye mashine, ikiinamishwa kutoka mteremko mkali hadi mwinuko mkali, huku oksijeni wanayotumia ikipimwa. Vipimo hivyo vinatupa bei ya kila mwinuko. Chukua mwinuko wa asilimia 5, yaani barabara inayopanda mita 5 kwa kila mita 100. Kwetu huo ni mlima wa kawaida sana. Kukimbia mita moja pale kunagharimu nguvu kwa takriban asilimia 30 zaidi ya mita moja ya tambarare. Kwenye mwinuko wa asilimia 10 nyongeza inafika kama asilimia 65.

Sasa mchukue mkimbiaji anayetaka kumaliza marathoni kwa dakika 6 kila kilomita. Kwa kilomita 42.195 hiyo ni kama saa 4 na dakika 13, muda wa heshima kwa mtu mwenye kazi na familia. Akifika kwenye mwinuko wetu wa asilimia 5 na kutaka juhudi isibadilike, kilomita yake inakuwa dakika 7 na sekunde 48. Ndiyo, karibu dakika mbili nzima zaidi. Wengi wakiona namba hiyo kwenye saa wanaona aibu, wanakaza.

Angalia kinachotokea akikaza. Akishikilia dakika 6 zake mle mlimani, mwili unalipa bei ya kukimbia tambarare kwa dakika 4 na sekunde 37 kila kilomita. Mtu wa marathoni ya saa 4:13 hukimbia kilomita 10 kwa kama dakika 5 na nusu kila kilomita. Dakika 4:37 ni kasi ambayo, akiwa na miguu mibichi na hana mbio nyingine mbele, angeiweza kwa kilomita moja hivi. Hapa anaitoa kwenye kilomita ya 8, bado 34. Hakukimbia kwa kasi kubwa, saa yake inasema dakika 6 kama alivyopanga, lakini kwa upande wa mwili ametoka marathoni akaingia mbio fupi.

Hasara hiyo hailipwi kwa kupumzika kidogo kileleni, na sababu yake iko kwenye akiba ya wanga. Misuli na ini huhifadhi wanga kwa umbo la glaikojeni, na akiba hiyo inatosha kama kilokalori 2,000. Mtu wa kilo 60 hutumia takriban kilokalori 60 kwa kila kilomita ya tambarare, hivyo marathoni inamdai zaidi ya 2,500. Pengo hilo hujazwa na mafuta ya mwili, ambayo hata mtu mwembamba anayo ya kutosha, pamoja na kile anachokula na kunywa njiani. Lakini mafuta huungua polepole. Juhudi ikiwa ya wastani, mafuta na wanga vinashirikiana. Juhudi ikipanda, mwili unaegemea wanga zaidi na zaidi, na ikivuka kiwango ambacho asidi ya laktiki inaanza kujaa kwenye damu, wanga unateketea kwa kasi isiyolingana kabisa na mwendo ulioupata. Dakika kumi za kukaza mlimani zinakula akiba ambayo ingekupeleka mbali zaidi kwa utulivu. Ukigundua hilo kwenye kilomita ya 32, miguu imekuwa mizito na akili inaomba kukaa chini, huwezi tena kuirudisha.

Ndiyo maana napenda kusema kwamba marathoni ya vilima hupotea mapema, pale mtu anapojisikia vizuri kabisa.

Deni la mteremko

Wengi hujifariji kwamba kinachopotea kwenye kupanda kitarudi kwenye kushuka. Hakirudi chote. Kwa vipimo vilevile, kushuka mteremko wa asilimia 5 kunagharimu kama robo tatu ya bei ya tambarare. Mlima ulikuongezea asilimia 30. Mteremko unakupunguzia chini ya 25. Kadiri mwinuko unavyokuwa mkali, ndivyo pengo linavyopanuka: kwenye asilimia 10 unaongezewa kama 65 na kupunguziwa kama 40.

Mpe mkimbiaji wetu mlima wa kilomita mbili kupanda na mbili kushuka, asilimia 5 pande zote. Akipanda kwa dakika 7:48 na kushuka kwa juhudi ileile, nadharia inamruhusu dakika 4:35 kwa kila kilomita ya kushuka. Jumla ni dakika 24 na sekunde 46, wakati kilomita nne za tambarare zingemchukua 24 kamili. Sekunde 46 zimekwenda, na huyo ndiye aliyefanya kila kitu sawasawa. Kwa kweli atapoteza zaidi, kwa sababu mtu wa dakika 6 hawezi kuteremka kwa 4:35 bila kuumia. Mapafu yanaruhusu, miguu haitaki. Akishuka kwa 5:15, mlima mzima unamchukua kama dakika 26, yaani dakika mbili zimepotea. Milima mitano ya aina hiyo, dakika kumi.

Mfano mzuri uko Afrika Kusini, kwenye mbio za Comrades kati ya Durban, iliyoko pwani, na Pietermaritzburg, iliyoko juu bara. Kwa kawaida mwaka mmoja wanapanda, mwaka mwingine wanashuka, umbali unazunguka karibu na kilomita 87 hadi 90. Leonid Shvetsov alipanda kwa saa 5:24:49 mwaka 2008; Tete Dijana alishuka kwa saa 5:13:58 mwaka 2023. Kwa mbio za zaidi ya saa tano, kati ya wanaume bora kabisa, tofauti ni dakika kama kumi na moja. Na wakimbiaji wa Comrades watakuambia kwamba mwaka wa kushuka ndio unaoumiza miguu zaidi.

Maumivu hayo yana sababu. Unapopanda, msuli wa mbele wa paja unajikunja ukisukuma mwili. Unapoteremka unafanya kazi ya breki: unakaza huku ukivutwa kuwa mrefu, hatua baada ya hatua. Kazi ya aina hiyo haichoshi pumzi, kwa hiyo huioni inapofanyika, lakini inachana nyuzi ndogo ndogo ndani ya msuli. Baadaye, hata kwenye tambarare, paja haliwezi tena kupokea uzito wa mwili. Mkimbiaji anahisi kama magoti yamelegea.

Boston ndipo dunia nzima inapojifunza somo hilo. Mbio zinaanzia Hopkinton na kuteremka tangu hatua za kwanza, na mstari wa kumalizia uko chini ya ule wa kuanzia kwa mita kama 140. Kwa sababu ya tofauti hiyo, na kwa sababu mwanzo na mwisho viko mbali mno, muda wa saa 2:03:02 alioukimbia Geoffrey Mutai mwaka 2011 haukutambuliwa kuwa rekodi ya dunia, ingawa hakuna mtu aliyekuwa amekimbia marathoni kwa kasi hiyo kabla yake. Mtu akisikia hayo anaweza kudhani Boston ni rahisi. Lakini baada ya kilomita 26 inakuja milima ya Newton, na wa mwisho wao, Heartbreak Hill, unapanda chini ya mita 30 tu kwa umbali wa mita kama 600. Mtoto wa Kadutu anapanda mwinuko kama huo kila siku akitoka shule. Unavunja watu kwa sababu unakuja karibu na kilomita ya 33, baada ya mapaja kupigwa kwenye mteremko wa mwanzo. Eliud Kipchoge, aliyekuwa ameweka rekodi ya dunia Berlin Septemba 2022, alikwenda Boston Aprili 2023, akaongoza kwa kasi tangu mapema, kisha akaachwa kwenye milima karibu na kilomita ya 30, akamaliza wa sita kwa saa 2:09:23. Mwenyewe alieleza kwamba mguu wa kushoto ulimsumbua, kwa hiyo si haki kutupia milima lawama zote. Hata hivyo, bingwa wa barabara tambarare hawi bingwa wa vilima kwa cheti cha kuzaliwa.

Kwa hiyo juhudi sawa kwenye mteremko ina sheria ya pili: pumzi ikikuruhusu kwenda kasi zaidi ya miguu, isikilize miguu. Hatua fupi na za haraka, mguu utue chini ya mwili na si mbele yake, mwili uiname kidogo kufuata barabara. Ukisikia nyayo zinapiga kwa kishindo, unashika breki.

Utajuaje kwamba juhudi ni ileile?

Saa ya mkononi inasaidia kidogo kuliko tunavyodhani. Kasi inayoonyesha kwa setilaiti huchelewa, na kwenye kona za barabara inayopinda ikipanda, hukosea. Mapigo ya moyo nayo yana hila. Moyo huchelewa kujibu, kati ya nusu dakika na dakika mbili, hivyo kwenye mwinuko mfupi utakuwa umeshakaza na kufika juu kabla namba haijapanda. Kisha unaanza kushuka na namba ndiyo kwanza inakutisha. Isitoshe, mbio zikiendelea, joto na upungufu wa maji hupandisha mapigo polepole hata kama kazi haijabadilika. Anayefuata namba moja tangu mwanzo hadi mwisho atajikuta anapunguza mwendo bila sababu kwenye saa ya tatu.

Kipimo ninachokiamini ni pumzi, na kinapimwa kwa mdomo. Chagua sentensi moja yenye urefu wa kawaida, kwa mfano: «Nitafika juu nikiwa bado na nguvu za kuteremka.» Kwenye tambarare, kwa mwendo wako wa marathoni, iseme kwa sauti. Mkimbiaji wa saa nne ataimaliza bila kukatika. Mwenye kasi zaidi ataikata mara moja katikati. Hiyo ndiyo alama yako. Sasa anza kupanda na uiseme tena baada ya mita mia moja, kisha mita mia mbili. Ikianza kukatika mahali ambapo haikuwa ikikatika, umekaza. Fupisha hatua mpaka irudi. Watakaokusikia njiani watakutazama, waache watazame.

Nani anayeweza kukuonyesha juhudi sawa kwa macho? Nenda asubuhi Beach Muhanzi, mitumbwi ya kisiwa cha Idjwi inaposhusha ndizi na mananasi. Tazama akina mama wabeba mizigo wanavyoanza kupanda, gunia mgongoni, mkanda umepita kwenye paji la uso. Usitazame mzigo, tazama miguu. Barabara ikiwa sawa, hatua ina urefu wa mguu mmoja na nusu. Barabara ikiinuka, hatua inafupika mpaka kisigino kinatua karibu na kidole cha mguu mwingine, lakini mdundo ni uleule, na kichwa hakipandi wala kushuka. Kijana asiye na mzigo anawapita kwa mbio, anasimama kwenye kona mikono kiunoni, nao wanampita bila kubadilisha chochote. Kazi ile ni ngumu kupita kiasi na malipo yake ni madogo mno. Ningetamani wasilazimike kuifanya. Lakini kuhusu kugawa nguvu kwenye mwinuko, sijaona walimu wanaowazidi.

Mkimbiaji afanye vivyo hivyo: mdundo wa miguu ubaki, urefu wa hatua upungue, macho yatazame mita kama kumi mbele na si kileleni. Na pale mwinuko unapokuwa mkali mno, kama njia za kukatiza zinazopanda moja kwa moja katikati ya nyumba, kutembea kwa haraka hugharimu sawa na kukimbia, au hata chini. Kutembea pale ni hesabu nzuri, hata kama aliye pembeni yako anakimbia.

Kilele kina mtego wake. Wengi wakifika juu hufanya moja kati ya mawili: wanalegea kabisa, au wanafyatuka kuteremka kufidia muda. Pumzi bado iko juu, deni bado halijalipwa. Vuka kilele kwa juhudi ileile, acha pumzi itulie kwa mita mia moja hivi, ndipo uiachie miguu. Hapo pia ndipo mahali pa kunywa na kula, pumzi ikiwa imetulia: wataalamu wa lishe ya michezo hupendekeza gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa, iwe ni ndizi mbivu, maji ya sukari au jeli za dukani. Ukijaza mdomo katikati ya mwinuko utakosa hewa na ladha vyote pamoja.

Lipo jambo moja ambalo waelezaji wengi hulipita haraka, nalo ndilo linalochanganya watu. Juhudi sawa si hisia sawa. Mwili ukifanya kazi ileile kwa saa nne, kazi hiyo itahisika nyepesi mwanzoni na nzito mwishoni. Msweidi Gunnar Borg alitunga kipimo cha hisia ya juhudi kinachoanzia 6 hadi 20. Kwa mwendo wa marathoni usiobadilika, mtu anaweza kuanza karibu na 12 au 13 na kumaliza juu ya 17. Kwa hiyo ukikimbia kilomita kumi za kwanza kwa hisia ya «kazi ngumu», tayari umepita kiasi. Mwanzoni, hasa kwenye milima miwili ya kwanza, unapaswa kuhisi kwamba unajizuia mno.

Na je, juhudi iwe sawa kabisa, kama mstari uliochorwa kwa rula? Hapana. Kwa kuwa unakaa muda mrefu zaidi kwenye kupanda, kuongeza kidogo tu pale na kulegeza kidogo kwenye kushuka kunaokoa sekunde, na kunalinda mapaja. Lakini neno ni kidogo. Sentensi yako ikatike mara moja zaidi, isigeuke kuwa maneno mawili mawili.

Mazoezi kwa vilima vyetu

Msuli una kumbukumbu nzuri ya mteremko. Ukiupitisha mara moja kwenye kazi ile ya breki, hata kwa kiasi, mara ya pili hauumii kama mara ya kwanza, na kinga hiyo hukaa kwa wiki kadhaa. Weka mazoezi ya kuteremka ndani ya mbio zako ndefu, polepole mwanzoni, na lile la mwisho lililo gumu lifanyike wiki mbili au tatu kabla ya siku yenyewe. Wakati wa mvua, kati ya Septemba na Mei, chagua barabara ya lami; udongo wetu ukilowa unateleza, na goti lililopinda haliponi kwa juhudi sawa.

Chagua mzunguko mmoja wenye kupanda na kushuka, tuseme kutoka Nguba upande wa ziwa hadi Kadutu na kurudi, ukimbie alfajiri kabla pikipiki na teksi hazijajaa barabarani. Funika saa kwa kitambaa cha mkono. Kimbia kwa sentensi yako tu. Nyumbani fungua rekodi uone kila kipande kilichukua dakika ngapi. Ukirudia mzunguko huo wiki baada ya wiki, utapata bei yako mwenyewe ya kila mwinuko, nayo ni bora kuliko ya Minetti kwa sababu imepimwa kwa miguu yako.

Kwa bei hizo, panga muda wa mbio. Marathoni ambayo wengi wetu tunaiwazia, ile ya Kimataifa ya Amani ya Kigali iliyoanza mwaka 2005, nayo ina kupanda na kushuka kwake. Anayekwenda kule na jedwali la dakika zilizogawanywa sawa kwa 42 amejitengenezea mateso. Tazama ramani ya miinuko, hesabu milima, ongeza muda unaopotea kwa kila mmoja, ndipo uandike lengo. Mkimbiaji wa dakika 6 aliyeona milima mitano kama ule wetu anapaswa kuandika saa 4:23 au 4:25, na kuridhika nayo. Mwenye safari ya Mombasa au Dar es Salaam afanye hesabu kinyume: hewa ya Bukavu ina mgandamizo pungufu kwa kama asilimia 16 kulinganisha na pwani, kwa hiyo pumzi ileile itampa mwendo zaidi kule chini, mradi joto lisimnyang'anye.

Baada ya kilomita ya 35 sheria inalegea. Akiba iliyobaki haina kazi nyingine tena, na mwinuko ukitokea pale unaweza kuruhusu sentensi ikatike. Wenye miguu mizima wakati huo huwapita watu kwa makundi, wakipanda na wakishuka.